Taa Yangu, Ruhusa ya Nani?

Tarehe 15 Mei 2016, kisanduku kilichouzwa Marekani kwa karibu dola 300 kilikata kauli. Hakikuanguka na stima haikupotea. Kiliitwa Revolv, na kazi yake ilikuwa kuunganisha taa, kufuli na vidude vingine vya nyumbani ili mwenye nyumba avitawale kwa simu. Nest, ambayo Google ilikuwa imeinunua mapema mwaka 2014, iliichukua Revolv baadaye mwaka huohuo. Halafu ikazima seva, na kisanduku kikabaki urembo wa kabati. Wateja walikuwa wameahidiwa huduma ya maisha. Maisha ya nani, hawakuambiwa.

Nyumba janja hazikuanza hivi. Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics, ya Glenrothes kule Scotland, ilibuni mfumo wa X10. Ulituma ishara kupitia nyaya zilezile za stima zilizo ukutani. Ulichagua herufi moja kati ya 16 kuwa ya nyumba yako, na nambari moja kati ya 16 kwa kila kifaa. Basi. Hakuna intaneti, hakuna akaunti, hakuna paswadi. Ulikuwa na vituko vyake: jirani akichagua herufi kama yako, ishara zake zingeweza kupenya kwenye nyaya zako na taa ijiwashe yenyewe. Lakini hakuna ofisi popote duniani iliyoweza kuizima nyumba yako.

Simu za kisasa zilipoingia, makampuni yaligundua njia rahisi: weka akili ya taa kwenye seva, si kwenye nyumba. Kwa hivyo unabonyeza simu ukiwa kitandani, amri inavuka bahari, inaomba ruhusa, inarudi kuwasha balbu iliyo mita mbili juu ya kichwa chako. Njiani mtu anapata kujua unalala saa ngapi na lini hakuna mtu kwa keja.

Sisi tunajua vizuri safari hiyo inavyokatika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikayumba Kenya na kwa majirani. Kukosa video ni sawa, tutavumilia. Lakini swichi ya taa nayo ingoje waya urekebishwe baharini? Zii.

Waliokataa mpango huo walianza mapema. Mwaka 2010 Mjerumani Kai Kreuzer alianzisha openHAB. Mwaka 2013 Paulus Schoutsen, Mholanzi aliyekuwa California, aliandika programu ndogo kwa lugha ya Python ili taa zake ziwake jua likizama. Akaitoa iwe programu huria, manake yeyote anaweza kusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuusambaza bure. Ndiyo Home Assistant ya leo. Seva za Insteon, kampuni nyingine ya Marekani, zilipozimika ghafla Aprili 2022, wateja wengi walikimbilia huko na kuendelea kutumia vifaa walivyokuwa wamelipia.

Aprili 2024 mradi huo ulikabidhiwa Open Home Foundation, taasisi isiyo ya faida yenye makao Uswisi, ili asije tajiri mmoja akaununua na kuufunga. Watu wa Pwani wana neno la kitu kama hicho: wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi.

Niliacha chuo mwaka wa pili na bado naelewa pa kuanzia, kwa hivyo hata wewe utaelewa. Tafuta laptopu kuukuu au Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kitambulisho iliyotoka mwaka 2012 kwa dola 35. Weka Home Assistant. Ongeza kijiti cha USB cha Zigbee, redio ya masafa mafupi isiyohitaji intaneti, na balbu moja tu inayoelewa Zigbee. Usinunue kumi. Kabla ya kununua chochote, uliza swali moja: hiki kitu kinafanya kazi bila seva ya mwenyewe? Muuzaji akianza kuzungukazunguka, rudisha pesa mfukoni. Na swichi ya ukutani usiitoe, wageni wako hawajui mambo haya.

Stima ikipotea utakaa gizani kama sisi wengine, hilo halijabadilika tangu 1975. Jaribio la kweli ni lingine. Ukimaliza kufunga, chomoa waya wa intaneti kwenye rauta, kisha washa taa. Ikiwaka, hiyo ni yako. Isipowaka, umekodisha tu, na mwenye nyumba wa pili humjui hata jina.