Mficha Uchi Hazai, Lakini Ni Nani Anayevuliwa?

Kuna kipimo ambacho wanawake wa Nairobi hukitaja kwa herufi tatu tu, tena kwa sauti ya chini: HSG. Ukiuliza ni nini, utaambiwa, "Ni ile ya kupigwa picha ya mirija," na kabla hujauliza la pili, mazungumzo yameshahamia kwenye maumivu. Mmoja atasema alilia. Mwingine atasema ilikuwa kama siku zake za kawaida, dakika chache ikaisha. Wa tatu hatasema kitu, atakushika mkono tu.

Nilipoandikiwa HSG mwaka jana, baada ya miaka mitatu ya kutafuta mtoto, nilifanya ninachofanya kila nikiogopa: nilisoma. Nilisoma nitakachofanyiwa, kisha nikasoma kilikotoka. Na kadiri nilivyorudi nyuma, ndivyo nilivyoona kwamba historia ya kipimo hiki ni historia ya swali moja, "njia iko wazi?", likiulizwa miaka nenda miaka rudi kwa mtu yule yule.

Tuanze na njia yenyewe. Mirija ya uzazi ni miwili, inatoka kwenye pembe za juu za mji wa mimba, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kila mmoja una urefu wa kama sentimita 10, na palipo pembamba zaidi tundu lake ni kama milimita 1. Humo ndimo yai na mbegu ya kiume hukutana. Kovu dogo tu linatosha kufunga barabara. Na mrija ukifungwa, mara nyingi hauumi. Hedhi inakuja kama kawaida, mwili unaonekana mzima, na mwenyewe hana habari.

Mwaka wa 1561 Gabriele Falloppio, mwalimu wa anatomia kule Padua, Italia, aliieleza mirija hii kitabuni. Aliona mwisho wake umepanuka kama mdomo wa tarumbeta (wewe fikiria siwa ya Lamu), akaiita hivyo, tarumbeta. Wazungu wa baadaye wakaipa jina lake mwenyewe. Aliijua kutokana na maiti, na yai la binadamu lilikuwa bado halijaonwa na mtu yeyote.

Hapa kuna tarehe mbili za kuweka akilini. Mwaka wa 1677, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alitazama shahawa kwa darubini yake aliyojitengenezea, akaona mbegu zikiogelea. Yai la mamalia lilikuja kuonekana mwaka wa 1827, na Karl Ernst von Baer. Yaani mbegu ya mwanamume ilionekana miaka 150 kabla ya yai. Tutairudia hesabu hiyo.

Mirija ya mwanamke aliye hai ilibidi isubiri eksirei. Wilhelm Röntgen aligundua miale hiyo Novemba 1895, na mwezi uliofuata akapiga picha ya mkono wa mkewe: mifupa, na pete juu yake. Lakini mirija ni nyama laini. Miale inaipita kana kwamba haipo. Ukitaka kuiona, lazima uijaze kitu kinachoizuia miale hiyo.

Kitu gani sasa? Mwaka wa 1910, daktari Mjerumani, Rindfleisch, alitia uji mzito wa bismuthi ndani ya mji wa mimba na kupiga picha. Mwaka wa 1914, madaktari wawili wa New York, William Cary na Isidor Rubin, kila mmoja kivyake, walijaribu Collargol, dawa iliyotengenezwa kwa madini ya fedha. Picha ilionekana, ila dawa yenyewe iliunguza na kuwasha tumbo la ndani.

Rubin akaachana nayo, akaja na hewa. Kuanzia 1919 alipuliza gesi kupitia mlango wa kizazi, mwanzoni oksijeni, baadaye kaboni dayoksaidi. Mirija ikiwa wazi, gesi ilipenya hadi tumboni, na mwanamke alipoinuka kuketi ilipanda chini ya kiwambo cha kupumulia. Hapo alihisi maumivu begani. Bega likiuma, njia iko wazi. Kipimo hiki kilienea dunia nzima na kutumika kwa miongo kadhaa. Ebu fikiria hilo kidogo: maumivu ya mgonjwa ndiyo yaliyokuwa majibu.

Miaka hiyo hiyo ya 1920, Lipiodol iliingia. Ni mafuta ya mbegu za mpopi yaliyochanganywa na madini ya iodini, yaliyobuniwa Ufaransa mwaka wa 1901 kama dawa. Sicard na Forestier waligundua kwamba yanaonekana vizuri kwenye eksirei, na kule Buenos Aires daktari Carlos Heuser akayatumia kwenye mji wa mimba. Baadaye zikaja dawa zinazoyeyuka majini, rahisi zaidi kwa mwili kuzitoa, na hizo ndizo zinazotumika katika vituo vingi leo.

Majina ya madaktari yamehifadhiwa, na baadhi ya vipimo vimeitwa kwa majina yao. Wanawake waliovuliwa, wakajazwa bismuthi, fedha, gesi na mafuta, wamebaki kuwa "mgonjwa" tu.

Mimi nililala kwenye meza ya eksirei siku ya tisa tangu hedhi yangu ianze. Ndivyo inavyopangwa: damu iwe imekauka, na yai liwe bado halijatoka, ili wasije wakamwagia dawa na miale mimba changa. Nilikuwa nimeambiwa nisikutane na mume wangu tangu hedhi ianze. Nikapimwa mimba hata hivyo. Nikaulizwa kama nina mzio wa iodini, na kama nina homa au uchafu wenye harufu, maana ukiwa na maambukizi kipimo kinaahirishwa.

Kuhusu dawa ya maumivu, hakuna aliyenitajia. Ni mwenzangu wa kazini aliyekuwa amepitia hayo ndiye aliyeninong'oneza nimeze ibuprofen saa moja kabla. Nilimeza.

"Mama, shuka chini kidogo," muuguzi akaniambia. Hapa kwetu kila mwanamke ni mama, ni heshima tu. Lakini siku hiyo, kwenye meza hiyo, neno hilo lilinichoma kuliko vyuma.

Vyuma vyenyewe ni kile cha kufungulia uke, unakijua kama umewahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Kisha mrija mwembamba wa plastiki. Kisha dawa. Hapo ndipo tumbo lilikaza kama hedhi mbaya ya siku ya kwanza, lakini kwa pamoja, bila kupanda polepole. Nilihesabu hadi mia moja na kitu. Kwenye skrini ilitokea pembetatu nyeupe, kisha uzi mwembamba upande wa kulia, na mwisho wa uzi huo moshi mweupe ukatawanyika tumboni. Huko kumwagika ndiko wanakokutafuta: maana yake mrija uko wazi. Upande wa kushoto uzi ulianza, ukakatika.

Kila kitu, toka kuvua hadi kuvaa, hakikufika nusu saa. Nilitoka na pedi, nikavuja maji maji ya kunata na damu kidogo kwa siku mbili, kama walivyosema. Wangesema pia, na mimi nakuambia: ukipata homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au uchafu unaonuka, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa, uzi uliokatika. Nilipomwonyesha daktari picha, alinieleza jambo ambalo laiti lingebandikwa mlangoni mwa kila chumba cha eksirei. Mrija ni msuli. Ukishtuka au ukiumia, unaweza kujikaza kwenye pembe, dawa isipite, na picha ikaonyesha umeziba ilhali haujaziba. Kwa hivyo "haikupita" si sawa na "umeziba kabisa". Wakitaka uhakika, wanarudia, au wanaingia kwa kamera kupitia kitovu na kumwaga dawa ya bluu waone kwa macho.

Lakini jamii haingoji uhakika. Neno "mirija" likishatamkwa, hesabu inaanza: alitoa mimba ngapi? Alitumia sindano za kupanga uzazi tangu lini? Shangazi yangu mmoja aliuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, kuna kitu hukutuambia?" Nilimjibu, "Hakuna, shangazi," na nikaona haniamini.

Kumbe sayansi imeshajibu. Mwaka wa 1985 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliolinganisha ugumba katika mabara mbalimbali. Afrika ilijitokeza kwa jambo moja: ugumba wetu ulitokana na maambukizi kuliko kwingineko. Klamidia, kisonono, maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika katika mazingira duni. Klamidia inaweza kukaa mwilini kimya, bila dalili, huku ikiacha makovu. Na mara nyingi haiji peke yake, inaletwa na mtu. Anayelaumiwa ni yule ambaye kovu limeonekana kwake.

Turudi basi kwenye hesabu yetu. Kifaa cha kuona mbegu ya mwanamume kimekuwepo tangu 1677. Kipimo chake hakina mrija wa plastiki, hakina dawa ya iodini, hakina miale. Ni kikopo na chumba chenye kufuli, na kwa kawaida bei yake iko chini kuliko ya HSG. Katika takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume una mchango, peke yake au pamoja na wa mke. Hata hivyo, nililala kwenye ile meza kabla mtu yeyote hajamwomba mume wangu kikopo. Alipoombwa, miezi minne baadaye, alienda siku iyo hiyo bila maneno. Mbegu zilikuwa chache.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Methali hiyo husomewa wanawake, hasa wanaosita kupanda kitandani. Isome tena polepole. Kiswahili hakikusema mwanamke mficha uchi. Kilisema mficha, basi.

Sisemi HSG ni adui. Mwaka wa 1978 alizaliwa Uingereza Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, na sababu ya mamake kufika huko ilikuwa mirija iliyoziba. Mwaka wa 2006 Kenya ikapata watoto wake wa kwanza kwa njia hiyo. Bila kujua mirija imeziba, hufikirii mlango mwingine. Na mwaka wa 2017 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wanawake 1,119 katika hospitali 27: waliopimwa kwa dawa ya mafuta walijifungua kwa asilimia 38.8, waliopimwa kwa dawa ya maji asilimia 28.1. Mafuta yale ya zamani yalikuwa yakisaidia baadhi yao kushika mimba. Mmoja wa watafiti hao, Ben Mol, alisema hadharani kwamba mamake mwenyewe alimpata baada ya kipimo cha aina hiyo.

Kwa hivyo nenda, ikiwa umeandikiwa. Ila uliza mapema utapewa nini cha maumivu, na umeze kwa wakati. Uliza ni dawa gani wanatumia, mafuta au maji. Uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Na kabla hujavua chochote, uliza kama kikopo cha mwenzako kimeshafika maabara. Kama hakijafika, una haki ya kuvaa viatu vyako na kusema, "Tuanze na hicho."