Namba Nane wa Ruiru: Sehemu ya 4

Wiki jana tulikomea pale ajenti aliponikabidhi bahasha ya kaki nje ya uwanja wa Ruiru, akanipa hadi Jumatatu niwe nimepata shilingi 180,000.

Sikulala. Ndani ya bahasha mlikuwa na mwaliko wa majaribio kutoka klabu moja ya Slovakia, kwao Marek Hamšík, kiungo aliyenifunza kupokea mpira bega likiwa limeshaelekea lango. Mabao 121 aliifungia Napoli, akampita Maradona mwenye 115! Ajenti alijua pa kunishika. "Hamšík aliondoka kwao 2004 akiwa na miaka 17 kama wewe. Unangoja nini?"

Asubuhi nikadandia matatu ya Thika. Kocha nilimkuta uwanjani akikusanya koni. Mzee huyu aliwashuhudia vijana wa Thika United wakitawanyika timu iliposhuka daraja 2018, kwa hivyo ahadi tamu hazimbabaishi.

"Hamšík alikwenda Brescia, Italia," akasema. "Ndani ya Umoja wa Ulaya, FIFA huruhusu kuanzia miaka 16. Wewe unatoka Kenya. Kabla ya 18 hawakusajili, labda wazazi wako wawe wamehamia huko kwa shughuli zao. Halafu ajenti wa kweli hula kwenye mshahara wako ukishasaini. Pesa za majaribio ni za nini?"

Akaisoma barua akiifuata kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Ulizaliwa mwaka gani?"

"2007, Kocha."

"Hapa wameandika 14 Machi 2004."

Magoti yakaniisha nguvu. Tarehe hiyo ni ya kaka yangu, kifungua mimba wa mama, tuliyemzika nikiwa darasa la tatu. Cheti chake cha kuzaliwa kimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, na ufunguo huuvaa shingoni hata akiwa soko la Madaraka akiuza mananasi.

Simu ikaita. Ni yeye.

"Baba," akasema. Ndivyo aniitavyo tangu nizaliwe, kwani nimepewa jina la babake. "Furahi! Ile ploti imepata mteja. Niko hapa Ruiru kwa wakili, na ajenti wako yuko nami."

"Mama, usitie sahihi!"

Nyuma yake sauti ya mwanamume ikamhimiza: "Hapa tu, mama. Na hapa."

Simu ikakatika.

Itaendelea Jumamosi ijayo.