Chipu Yenye Sauti

Kila chombo cha muziki kina maisha ya namna mbili. Maisha ya kwanza ni ya mti, ngozi au shaba iliyotumika kukiunda. Ya pili ni ya maarifa ya fundi ajuaye kukiunda. Ngoma ikipasuka huwambwa ngozi nyingine, na zumari likivunjika huchongwa jingine, kwa kuwa maarifa hayakuvunjika pamoja nalo. Lakini itakuwaje kwa chombo ambacho kiwanda chake kimefungwa, wala hapana mkono wa mtu uwezao kukichonga upya nyumbani? Swali hili limewakabili watu waundao sintesaiza kwa chipu kuukuu za sauti. Historia yao si ndefu, lakini yastahili kusomwa.

Sintesaiza ni chombo kinachozaa sauti kwa umeme. Hakina uzi wa kupigwa wala tundu la kupulizwa; umeme hutetemeshwa ndani yake, na mtetemo huo hupelekwa katika kipaza sauti ukasikika. Mwaka wa 1964 mhandisi wa Marekani aitwaye Robert Moog alionyesha sintesaiza yake mjini New York. Vyombo vya namna hiyo vilikuwa vikubwa na vya ghali, hata aghalabu vilipatikana katika vyuo vikuu na studio za matajiri tu.

Miaka kumi na saba baadaye, mhandisi kijana aliyeitwa Robert Yannes alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya MOS Technology, katika jimbo la Pennsylvania. Kampuni hiyo ilikuwa mali ya Commodore, waliokuwa wakitengeneza kompyuta. Yannes alikuwa mpenzi wa sintesaiza, na aliziona chipu za sauti za wakati ule kuwa dhaifu, kana kwamba waliozibuni hawakuujua muziki. Basi alipopewa kazi ya kubuni chipu mpya mwaka wa 1981, alikusudia kutia sintesaiza kamili katika kipande kidogo cha silikoni. Alitamani kuipa sauti 32, lakini muda aliopewa ulikuwa mfupi; akaipa sauti tatu. Chipu hiyo iliitwa SID, na namba yake ilikuwa 6581.

Kila sauti katika hizo tatu iliweza kuchukua umbo la wimbi moja kati ya manne. Wimbi la pembetatu ni laini kama filimbi. La msumeno ni kali kama tarumbeta. La mraba lina uwazi kama sauti itokayo mtungini. Na la nne ni mvumo mtupu, mfano wa kayamba au mvua juu ya bati. Tena Yannes alijua ya kwamba sauti huzaliwa, huishi na hufa. Kengele ikigongwa hulia kwa ghafla kisha hufifia polepole. Zumari hudumu kwa muda wa pumzi ya mpigaji. Kwa hiyo aliipa kila sauti hatua nne: kupanda, kushuka, kudumu na kufifia. Mwisho aliweka kichujio cha kupunguza ukali wa sauti au kuuongeza.

Chipu hii iliwekwa katika kompyuta ya Commodore 64, iliyoonyeshwa Las Vegas mwezi wa Januari 1982 na kuuzwa kwa dola 595. Kompyuta zaidi ya milioni 12 za aina hiyo ziliuzwa duniani. Watu wengi walizinunua kwa ajili ya michezo, na watunzi kama Rob Hubbard na Martin Galway wa Uingereza walijipatia sifa kwa muziki walioutunga kwa sauti tatu tu. Lakini kila chenye mwanzo hakikosi mwisho. Mwaka wa 1994 Commodore ilifilisika. Kompyuta zake zikapandishwa darini, nyingine zikatupwa jalalani, na chipu ndani yake zikanyamaza.

Hapo ndipo walipojitokeza watu ambao hawakuajiriwa na yeyote. Walizifungua kompyuta zilizokwisha kuharibika, wakazitoa chipu zake, wakazilehemu katika mbao mpya za saketi. Mambo mawili yaliwasaidia. La kwanza ni MIDI, lugha iliyokubaliwa na watengenezaji wa vinanda mwaka wa 1983, ambayo kwayo kinanda huambia mtambo mwingine ni kibonye gani kimebonyezwa. La pili ni maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyokusanywa katika chipu moja ya bei nafuu. Mradi wa MIDIbox, ulioanzia Ujerumani, ulitoa michoro ya kujiundia sintesaiza ya SID. Na ubao wa Arduino, ulioanzia Ivrea nchini Italia mwaka wa 2005, ulirahisisha kazi hii hata kwa wanafunzi.

Utendaji wake si fumbo kwa ajuaye hesabu. SID ina vyumba 29 vya kupokea au kutoa namba, viitwavyo rejista. Maikrokontrola hutaja namba ya rejista kwa nyaya tano, kisha huingiza thamani kwa nyaya nane. Tuseme kinanda kimeagiza noti ya mitetemo 440 kwa sekunde. Ikiwa chipu inaendeshwa kwa mapigo milioni 1 kwa sekunde, namba inayohitajika ni 7,382. Namba hiyo haienei katika rejista moja, kwa kuwa kikomo chake ni 255. Kwa hiyo hugawanywa: 28 huwekwa katika rejista ya juu na 214 katika ya chini, kwani 28 mara 256, ukijumlisha 214, ni 7,382. Papo hapo chipu iliyonyamaza kwa miaka mingi huimba.

Wachunguzi hao waligundua pia ya kwamba kasoro yaweza kugeuka kuwa kipaji. Katika 6581, kila namba ya ukubwa wa sauti ilipobadilishwa palisikika mlio mdogo usiotakiwa. Waandishi wa programu waliibadilisha namba hiyo maelfu ya mara kwa sekunde, na milio ile ikaungana ikawa mdundo wa ngoma, hata maneno ya mtu. Chipu ya sauti tatu ikapata ya nne, ambayo haikukusudiwa na mbunifu wake. Kiwanda kilipotoa chipu ya 8580 kilirekebisha kasoro ile, na sauti ya nne ikafifia mno. Basi mafundi wa nyumbani wakaongeza rezista moja, wakairudisha kasoro kwa makusudi!

Lakini kazi hii ina uchungu wake. SID za asili hazitengenezwi tena, na kila inayoungua huipunguza idadi iliyobaki. 6581 hula umeme wa volti 12, na 8580 volti 9. Anayezichanganya aweza kuiua chipu kwa dakika moja. Kampuni ya Elektron ya Sweden ilitoa sintesaiza ya SidStation mwaka wa 1999, ikitumia chipu hizo, nayo ililazimika kuacha kwa sababu chipu zilikwisha. Je, ni halali kuivunja kompyuta nzima iliyo hai ili kupata sauti yake? Wako wasemao kuwa chombo kisichotumika kimekwisha kufa. Na wako wasemao kuwa aivunjaye anachoma kitabu ili aote moto. Naona hawa wa pili wana haki zaidi, maana kompyuta mbovu zingalipo, na iliyo nzima ikivunjwa haiundiki tena.

Hata hivyo njia ya tatu imepatikana. Kwa kuwa mafundi walizipima chipu hizi kwa uvumilivu na kuyaandika waliyoyaona, wengine wameweza kuunda vibadala kama SwinSID na ARMSID. Ndani ya vibadala hivi maikrokontrola hukokotoa mawimbi yale yale, na huchomekwa pale pale ilipokaa SID. Kuiga kichujio ni kazi ngumu, kwani hata 6581 zenyewe hazikulingana kwa sauti; lakini mwaka hadi mwaka kazi hiyo husogea mbele.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kiwanda kilifungwa, kampuni ikafilisika, chipu zikapungua. Uhunzi ukabaki kwa wale waliopenda kujua kilichomo ndani. Nawe, mwanafunzi, ukikuta chombo kibovu kilichotupwa, uliza kwanza kilifanyaje kazi, na jibu uliandike. Huenda siku moja maandishi hayo yakawa ndiyo masalio pekee ya chombo hicho, na kwayo mwingine akakiunda upya.