Karamu ya Hoteli Yenye Mvinyo kwa Kila Sahani: Hukumu Yake na Mambo ya Kuulizia

Sifa njema zote ni za Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), Ahli zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika hoteli za kifahari kuna karamu za usiku ambazo mgeni hachagui chakula. Mpishi mkuu huleta sahani ndogo ndogo, tano, saba, au hata zaidi ya kumi, moja baada ya nyingine, na kila sahani huja na glasi ya mvinyo uliochaguliwa kwa ajili yake. Mtindo huu una asili yake Ufaransa, na watalii wameuleta hadi fukwe zetu. Waislamu wa visiwani hukutana nao kwa njia tatu: kualikwa na mwajiri au mshirika wa biashara, kupewa kama zawadi ya harusi, na kuajiriwa kuuhudumia. Kila njia ina hukumu yake.

Kuonja kidogo

Allah ametuamrisha tujiepushe na khamri katika Suratul-Maida, aya ya 90, na akaitaja kuwa ni uchafu katika kazi za shetani. Wapo wanaosema kwamba katika karamu hizi mtu huonja tu, wala halewi. Hoja hii haisimami. Hadithi ya Jabir (Radhiya Allahu anhu), iliyopokewa na Abu Dawud na At-Tirmidhi, imeweka wazi kwamba kinacholevya kwa wingi, kidogo chake pia ni haramu. Mvinyo wa kawaida una kileo cha asilimia 12 hadi 14 hivi, na ule mtamu wa mwisho wa mlo, kama port, hufikia 20. Glasi ndogo saba si jambo dogo hata kwa hesabu ya kawaida. Kuonja na kutema pia hakufai, kwani katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yetu visiwani, khamri ni najisi.

Kukaa mezani bila kunywa

At-Tirmidhi amepokea kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (S.A.W.) amemkataza anayemuamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa khamri. Kwa hiyo mwenye kuletewa mwaliko asitosheke na kusema "mimi nitakunywa juisi." Amweleze mwenyeji mapema, kwa adabu, kwamba dini yake haimruhusu, na apendekeze chakula cha mchana au meza isiyo na ulevi. Wenyeji wengi hukubali wakiambiwa kabla. Ugumu huja pale mtu anaponyamaza mpaka glasi zimeshajazwa.

Ikiwa ni zawadi, iulizie hoteli kama inaweza kubadilishwa. Aghalabu bei ya mvinyo huwa mbali na bei ya chakula, hivyo inawezekana kuiondoa. Usiipokee chupa kwa nia ya kumpa rafiki asiye Muislamu, kwani kumpelekea mtu khamri nako kumekatazwa.

Mvinyo uliomo ndani ya chakula

Hapa ndipo wengi hupitiwa. Glasi huonekana, lakini sosi haisemi. Samaki, kamba na pweza ni halali kwetu, ila katika mapishi ya Kifaransa sosi ya siagi ya samaki huanza kwa mvinyo mweupe, na katika mapishi ya Kijapani samaki hupakwa mirin, ambayo asili yake ni kileo cha mchele. Wali wa Kitaliano wa risotto hutiwa mvinyo mwanzoni. Vitamutamu kama tiramisu na sabayon hutiwa mvinyo wa Marsala au ramu.

Husemwa kwamba moto huondosha kileo chote. Sivyo. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba chakula kilichowashwa moto wa kileo mezani hubaki na asilimia 75 hivi ya kileo hicho. Kilichochemshwa nusu saa hubaki na 35, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki asilimia 5. Na lau kileo kingekwisha, chakula kilichotiwa najisi hakitahiriki kwa kupikwa.

Siki ina hukumu nyingine. Mvinyo uliogeuka siki wenyewe, bila kutiwa kitu, ni tohara kwa Mashafii. Ukigeuzwa kwa kutiwa kitu, hautahiriki.

Ama mvinyo unaoitwa "usio na kileo", huo hutengenezwa kwanza kuwa mvinyo kamili, kisha kileo hupunguzwa, na huweza kubaki hadi asilimia 0.5. Jiepushe nao. Maji ya madafu, ukwaju, rozela na chai ya viungo vinatosha.

Maswali ya kumuuliza mpishi

1. Je, kuna mvinyo, ramu au mirin katika sosi, supu, au kitamutamu chochote?
2. Nyama na kuku wamechinjwa na nani, na wametoka wapi?
3. Je, kuna nguruwe au mafuta yake, na jelatini ni ya mnyama gani?
4. Je, sufuria na vyombo huoshwa kabla ya kupikiwa chakula chetu?

Swali la nne lina asili yake katika hadithi ya Abu Tha'laba al-Khushani (Radhiya Allahu anhu), aliyeuliza kuhusu vyombo vya watu wanaopika nguruwe na kunywa khamri, akaelekezwa atafute vingine, na asipopata avioshe kisha avitumie.

Kijana anayehudumu

Mtume (S.A.W.) amewalaani watu kumi kwa sababu ya khamri, kama alivyopokea At-Tirmidhi kutoka kwa Anas (Radhiya Allahu anhu). Miongoni mwao yumo anayeimimina, anayeibeba na anayeiuza. Kwa hiyo kazi ya kumimina mvinyo haifai, hata kama mnywaji si Muislamu.

Tunajua kwamba mshahara huo ndio unaolipa ada za wadogo zake na dawa za bibi yake. Njia ya kwanza ni kuomba kuhamishwa: mapokezi, bustani, dobi, boti, au jiko lisilogusa haramu. Aombe kwa maandishi, na aendelee kutafuta kazi nyingine kwa bidii. Mwenye kubanwa kweli aende kwa sheikh wa msikiti wake au Ofisi ya Mufti aeleze hali yake, kwa kuwa dharura hupimwa kwa mtu mwenyewe. Wazazi nao wasimsimange barazani huku wakiupokea mshahara wake. Wamsaidie kutafuta njia, na wapunguze matumizi mpaka apate. Katika Suratut-Talaq Allah amemuahidi mwenye kumcha kwamba atamfanyia njia ya kutokea.

Wallahu a'lam.