Jiko la kauri la Kenya

Jiko la kauri la Kenya ni jiko la mkaa la kubebeka, lenye ganda la bati na bakuli la udongo uliochomwa ndani yake. Lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kurekebisha jiko la ndoo la Thailand, ili kupunguza mkaa unaoteketea katika jiko la bati tupu.

Umbo lake lilipatikana kwa kujaribu na kurekebisha. Katika majiko ya mwanzo udongo ulipasuka, kwa kuwa hautanuki sawa na bati likipata moto. Hatimaye ganda lilibanwa kiunoni: sehemu ya juu hubeba bakuli lenye matundu, lililoshikizwa kwa saruji, na ya chini, iliyotanuka, hupokea majivu na kulizuia jiko lisiyumbe ugali unaposongwa. Kimlango hudhibiti hewa.

Mafundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, wakiwemo wa Shauri Moyo, Nairobi, walilifanya bidhaa ya kawaida sokoni, nalo likaenea Uganda, Tanzania na Rwanda. Hupunguza mkaa unaotumika, lakini haliondoi hatari ya kaboni monoksidi katika chumba kilichofungwa.