Kiendelezi, si Virusi

Shangazi alinipigia simu kwamba kompyuta yake ya nyumbani imeingia virusi. Kila akitafuta kitu, majibu yanatoka kwenye tovuti asiyoijua, na juu ya kurasa za maduka umeganda utepe mwekundu wa punguzo la bei. Programu ya kuzuia virusi alishaiendesha mara mbili, haikuona kitu. Mgeni mwenyewe alikaribishwa: aliingia na programu ya bure ya kusomea PDF, kupitia kisanduku kilichokuwa kimeshatiwa tiki, shangazi akabofya kuendelea.

Mgeni huyo anaitwa kiendelezi. Jina limetoka kwenye kuendeleza, kwani hukiongezea kivinjari kazi ambazo hakikuja nazo, kama kutunza nywila au kutafsiri ukurasa. Wapo wanaosema programu-jalizi. Ni neno zuri, lenye kujaliza ndani yake, ila mimi ningeliachia vitu vya kizazi cha Flash, ambayo Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Hizo zilikuwa programu zilizochomekwa ili kivinjari kiweze kuonyesha video na michezo. Kiendelezi hukaa ndani ya kivinjari chenyewe, na kikipewa ruhusa husoma na kubadilisha kila ukurasa unaoufungua, hata wa benki.

Ukisema virusi, utahangaika na kompyuta nzima. Ukisema kiendelezi, umeshajua pa kwenda. Kwenye Chrome ni zile nukta tatu za juu kulia, kisha Viendelezi. Kwa shangazi tulikuta vinne, akakitambua kimoja tu. Vitatu tuliviondoa kabisa. Hatukuvizima tu, maana kilichozimwa bado kimo, ni kubofya mara moja kikaamka. Halafu tukarudisha mtambo wake wa kutafutia, na ile programu ya PDF tukaitoa kwenye orodha ya programu za Windows, isije ikakirudisha kiendelezi chake.

Lakini kiendelezi kama hiki kinaendeleza nini? Wanabiolojia wana neno kimelea, kutoka kumea: kinachomea juu ya kingine na kula kwake. Nilimweleza shangazi kwamba ningependa tuseme kiendelezi kimelea.

"Mwanangu, hicho ni kirukia," akasema. Akanikumbusha mkorosho wa nyuma ya nyumba, ulivyobeba majani mabichi ya kirukia ambayo kwa miaka tulidhani ni yake.