"Rafiki Yangu Ana Tatizo": Sitara katika Ushauri Nasaha wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Unguja

Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti, akaanza kuviringa upindo wa mtandio wake kidoleni. "Dada, mimi sina neno," alisema. "Ni rafiki yangu. Halali usiku, bumu limechelewa, anaogopa kudisko, na nyumbani hajui aanzie wapi kuwaambia." (Alama zote za kumtambulisha nimezibadilisha.) Nilikuwa mwanagenzi, na mafunzo yalinitaka nimrudishe taratibu kwenye nafsi ya kwanza. Sikufanya hivyo. Nilimuuliza: "Na huyo rafiki yako, usingizi ukimpaa, huwa anafanya nini?" Alizungumza karibu saa nzima.

Hoja yangu ni kwamba katika mji kama wetu, kusema kupitia mtu wa tatu si ukaidi wala kukwepa tiba. Ni sitara, na mshauri hana haki ya kuivua kabla mwenyewe hajataka.

Mengi tunayofundishwa yanatoka kwa mwanasaikolojia Carl Rogers, aliyeanzisha kituo cha ushauri Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1945. Msisitizo wake wa kumsikiliza mtu bila kumhukumu naushika kwa mikono miwili. Lakini mwanafunzi wa Chicago akitoka chumbani humezwa na jiji. Mimi nimekulia Kikwajuni, kwenye majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Pale anayepanda ngazi hujulikana kwa mlio wa kandambili zake. Niliyekaa naye Jumanne, Ijumaa tutakutana Darajani penye samaki, naye kafuatana na mama yake. Ndiyo maana suala la siri kwetu halianzii kwenye kufuli la kabati la mafaili. Linaanzia njiani: tukikutana, nikusalimu vipi? Siku hizi namuuliza kila mmoja kabla ya jambo jingine. Wengine hutaka salamu ya kawaida, wengine huomba tupishane kama wageni.

Zimbabwe nako walilijua hili la watu kuogopa kuonekana. Daktari Dixon Chibanda alipoanza kazi na bibi wa mitaa ya Harare mwaka 2006, benchi walilokalia kusikiliza watu liliitwa la afya ya akili, watu wakaliogopa. Bibi ndio waliotaka liitwe la urafiki.

Atauliza mtu: je, fumbo hilo la rafiki likificha hatari? Huficha, kweli. Nikiona dalili za kutaka kujiua, fumbo nalivunja mimi: "Wewe mwenyewe, unafikiria kujiua?" Msimamizi wangu hupata habari siku hiyohiyo, na ikibidi nafuatana na mwanafunzi hadi kwa daktari, kwani Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, ni jina zito mno kumtuma mtu peke yake.

Yule binti alirudi mara nne. Mara ya mwisho aliegemea kiti, mtandio kauacha.

"Rafiki yangu kampigia simu baba yake jana."

"Baba kasemaje?"

"Kanambia nije nyumbani, nile kwanza."